Basi Linalokuja Hadi Mlangoni

Jumatatu, 6 Septemba 1971

Daftari hili nimelitoa wodini. Lilikuwa la kuandikia ni mgonjwa gani ameenda haja na ni nani hajaenda, na kwa mambo ninayotaka kuyaandika muhula huu naona linafaa sana.

Leo shule zimefunguliwa. Binti yetu Mumbua, mwenye miaka minane, hakurudi kwenye shule ya nyuma ya nyumba, ambako angefika kabla uji haujapoa tumboni. Alisimama mlangoni hapa Sparkhill, Birmingham, na koti lake jipya, likaja basi dogo la kijani, likamchukua kumpeleka ng'ambo ya mji, kwenye shule ya watoto ambao wakubwa wa elimu wameamua kwamba akili zao ni pungufu. Barua ilisema hivyo kwa Kiingereza cha adabu sana. Ilipokuja nilikuwa kazini. Nilikuwa kazini pia siku ya Agosti ambapo Bwana Aldridge, mtaalamu wao wa akili za watoto, alikuja hapa nyumbani na fomu. Aliyemkaribisha ni mume wangu Barnabas, na fomu akaisaini.

"Mama Mumbua, ningefanyaje?" ananiuliza mpaka leo. "Mgeni amefika mpaka kwangu, amekunywa chai yangu vikombe viwili, ameniomba saini. Ningemwambiaje hapana?"

Huyo ndiye aliyenioa. Amemtoa mtoto kama mtu anayemfungia mgeni kuku aondoke naye.

Jumanne, 7 Septemba

Basi saa mbili na robo. Mvua.

Jumapili, 12 Septemba

Kanisani leo, yaani kwenye ule ukumbi wa Alum Rock tunaoazimwa na Wamethodisti, Gertrude alisimama kutoa ushuhuda. Gertrude ni mwenyekiti wetu wa akina mama na hana jambo dogo. Hata akipata mafua, ni mafua ya kumtukuza Bwana.

"Bwana asifiwe," akasema. "Mtoto wa dada yetu Magdalene anatumiwa basi na serikali ya Malkia, linakuja hadi mlangoni. Wetu wanatembea kwa miguu kwenye mvua. Tuseme Mungu hajawapendelea?"

Watu wakanigeukia, wakapiga makofi. Barnabas akainamisha kichwa kwa unyenyekevu kama waziri anayefungua daraja. Niliwatazama, wauguzi wazima, makarani wazima, mtu na digrii yake, hakuna hata mmoja aliyejiuliza basi hilo linampeleka mtoto wapi. Wameona gari tu.

Na mimi nilipiga makofi. Niliona aibu kusema kweli, basi nikapiga makofi.

Jumatano, 15 Septemba

Nilimuuliza Mumbua wamesoma nini. Wametunga shanga.

Alhamisi, 16 Septemba

Shanga. Mvua.

Jumanne, 21 Septemba

Siku yangu ya mapumziko. Nilikwenda shule ya nyuma ya nyumba kumwona mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya kuwabembeleza wagonjwa wa roho. Alinipa kiti, akanipa na ripoti ya Bwana Aldridge nisome mbele yake, akinitazama kama vile angepaswa kunisaidia na maneno marefu.

Aldridge alimpima Mumbua mwezi wa Juni. Mtoto huyu alitoka kwa mama yangu, kijijini Mwala, Ukambani, mwezi wa Februari, akiwa na Kikamba, Kiswahili cha kuomba maji, na Kiingereza cha "good morning, teacher". Miezi minne baadaye bwana akamkalisha kwenye chumba kisicho na dirisha na kumhoji kwa Kiingereza chote alichosomea yeye chuo kikuu. Ripoti inasema: alionyeshwa picha ya watoto wakicheza, akaulizwa wako wangapi, akanyamaza na kutazama chini. Akaulizwa tena, akanyamaza. Akaulizwa nyumbani mko wangapi, akaufunika uso kwa mikono. Basi ameandika kwamba hawezi kuhesabu na kwamba hatafaidika na shule ya kawaida.

Nilimuuliza yule mama kama kuna mtu aliyemhoji mtoto kwa lugha yake. Akatabasamu. "Nadhani atakuwa na furaha zaidi kule," akasema.

Ningempata Aldridge nimsimamishe sokoni Machakos, nimuulize kwa Kikamba majina ya kunde zote zilizoanikwa, halafu nimwandikie ripoti.

Najua mchezo huu. Mwaka sitini na sita nilipokuja kusomea uuguzi nilipewa fomu, nikaambiwa weka sahihi hapa, nikaweka. Walionipa fomu walijua, mimi sikujua, kwamba kuna kozi ya miaka mitatu na kuna ya miaka miwili, na ya miwili ni ya wauguzi wa chini, ambao cheti chao hata nyumbani hakitambuliwi. Nilikuja kujua siku ya kugawiwa mikanda, nilipoona wa kwangu ni wa kijani na wa wasichana Waingereza ni wa buluu. Nilikuwa nimepata daraja la kwanza Kenya. Miaka mitano sasa nafuta matako ya watu wanaoniita msichana.

Mtu akishaingizwa kwenye mlango wa namna hiyo, hatolewi. Ndiyo maana sitaki Mumbua azoee basi lile.

Jumatatu, 27 Septemba

Shanga.

Jumapili, 3 Oktoba

Nilimwaga kibiriti chote mezani nikamwambia Mumbua ahesabu njiti. Alihesabu kwa Kikamba, akarudia kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kiingereza, arobaini na saba mara zote tatu. Nikamletea maharagwe. Alihesabu mpaka mia mbili na kitu, akaniuliza kama aendelee.

"Basi kwa nini hukumjibu yule bwana?"

Akatazama sakafu.

"Mumbua, nakuuliza. Uliniaibisha kwa nini?"

Nikamfokea. Nilimwita jeuri, nikamwita gunia. Barnabas akasema niache, nikamfokea na yeye. Na nitaliandika kwa sababu daftari hili ni la uchafu: kwa muda kidogo, nikimtazama mwanangu amesimama pale kama kisiki, nilifikiri labda Aldridge ameona kitu ambacho mimi sikioni.

Ijumaa, 8 Oktoba

Dukani Stratford Road mwanamke mmoja wa Kisikh alinishika mkono katikati ya magunia ya viazi. Anaitwa Narinder, aliishi Nakuru, anamjua Mumbua kwa sababu hufanya kazi jikoni katika shule ile anayopelekwa. Anawagawia watoto chakula cha mchana.

"Mama yake Mumbua? Mimi nataka ambia wewe habari ya mtoto."

Kiswahili kilekile cha Wahindi, cha kuagizia boi alete makaa. Nilikulia kwenye nyumba za watu kama hawa, mama yangu akifua. Chai yetu tulipewa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia uliokaa nje kwenye dirisha, usichanganyike na vikombe vyao. Leo tumekuja kukutana kwenye nchi ya wenyewe, yeye anapakua viazi, mimi nafuta matako, na bado ananisemesha kana kwamba yuko kwenye baraza ya nyumba yake.

Nilimwambia sina haraka ya kusikia habari za jikoni. Nikalipa nikaondoka.

Jumanne, 12 Oktoba

Basi. Ukungu. Shanga nyekundu sasa, ndio maendeleo.

Jumatano, 20 Oktoba

Mumbua ameanza kunijibu kwa Kiingereza. Cha Birmingham, cha puani. Nimemuuliza kwa Kiswahili kama ameshiba, akaniambia "I'm all right, Mom." Kwa hiyo kichwa kilichoshindwa kila kitu kimejifunza lugha nzima kwenye basi, bila mwalimu.

Jumatatu, 1 Novemba

Leo naandika mengi.

Saa kumi jioni mlango uligongwa. Narinder, na bakuli la dengu limefunikwa kitambaa. Sikuwa na la kufanya, mtu yuko mlangoni na chakula. Nikamkaribisha. Nikamwekea chai mbele, kwenye kikombe changu kizuri kabisa chenye maua, nikamtazama.

Hakukigusa.

"Kwanza nasema maneno yangu," akasema. "Halafu nakunywa. Nikikunywa kwanza, wewe taona haya kunifukuza."

Huyu mama alikuwa amelifahamu jambo ambalo Aldridge alilitumia bila hata kulifahamu.

Akasema: "Shuleni iko watoto sitini na mbili. Kila siku ingine nagonjwa, ingine hapana kuja. Mtoto yako ndiyo naweka sahani kwa meza. Hapana nafundishwa. Siku ya pili tu, kwisha jua. Hapana pungua sahani, hapana zidi. Mimi naangalia, nafanya namna gani? Yeye nataja jina. Sahani moja, jina moja, pole pole, mpaka kwisha watu yote. Siku moja mwalimu nauliza, 'How many children today, Mumbua?' Kimya. Naangalia chini. Mwalimu natikisa kichwa, nakwenda. Mimi naita yeye beta, mtoto yangu, nauliza, 'How many plates, beta?' Palepale, 'Fifty-eight, auntie.' Sasa wewe ambia mimi. Sahani nahesabu, watoto hapana. Hiyo ni ujinga ya namna gani?"

Nilikaa chini.

Kwetu mtu hahesabiwi. Mbuzi unaweza kuwajua kwa rangi, watoto kwa majina, lakini kusimama mbele ya watu na kusema mmoja, wawili, watatu, huko ni kuwachagulia wa kupungua, yaani wa kufa. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijaota meno ya pili, nami nilipokuja huku nikatahiniwa na kuvaa sare, nikayasahau, maana wodini tunahesabu watu asubuhi na jioni, na kweli hupungua. Lakini Mumbua aliachwa kwa mama yangu akiwa na miaka mitatu. Aliyemwacha ni mimi.

Nilimwita. Nikamuuliza kwa Kikamba, polepole, Narinder akitutazama bila kuelewa neno. Akaniambia, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alinijibu kwa Kikamba.

Mwaka juzi alicheza na watoto wa ndugu yangu, wakapanga mstari wa uji, yeye akawahesabu. Saba. Wa saba alikuwa Kalondu. Wiki iliyofuata Kalondu alipata surua akafa. Mtoto alimwendea bibi yake, anayemwita susu, akamuuliza kama ni yeye aliyefanya hivyo. Susu hakumwambia ndiyo. Alimwambia tu asirudie tena.

"Na yule bwana akakuuliza nyumbani mko wangapi," nikasema.

"Mko wawili, wewe na baba," akasema, kisha akashika mdomo kwa mkono, akaanza kulia, maana alikuwa ametuhesabu.

Miaka mitano namdharau kila mtu kwenye mji huu kwa sababu hawaulizi. Na mimi niliyekuwa na lugha ya kumuulizia, nilimwita gunia.

Narinder aliniuliza mtoto amesema nini. Nikamweleza. Akafuta macho kwa ncha ya shali yake, kisha akavuta kikombe, akanywa chai ikiwa imepoa kabisa.

Ijumaa, 5 Novemba

Waingereza wanarusha baruti na kuchoma sanamu ya mtu aliyekufa zamani. Ripoti ya akili zao nani anaiandika?

Nimeandika barua kwa Aldridge, mara nne, nikiondoa matusi kila mara. Nimeomba mtoto apimwe upya. Barnabas alikataa kuisaini.

"Nimeshampa mtu neno langu, Mama Mumbua. Nirudi nimwambie nimelimeza?"

Nilimwambia mambo ambayo hata daftari hili halistahili. Akavaa kofia akatoka kwenda kazini, kwenye kiwanda chake cha vyuma. Niliisaini peke yangu.

Jumatano, 10 Novemba

Barua haijajibiwa. Basi.

Jumapili, 14 Novemba

Nilisimama kanisani nikawaambia basi lile linakokwenda. Gertrude akasema tuombe, akaomba muda mrefu, na alipomaliza hakunitazama. Wakati wa kutoka, mama wawili walikuja kunishika mkono mlangoni, mmoja baada ya mwingine, wakanieleza kwa kunong'ona kwamba na wao wamepata barua. Walikuwa wamezificha chini ya godoro. Makofi yale yote walipiga wakijua.

Jumatano, 24 Novemba

Jibu. Tarehe nane Desemba, saa tisa alasiri. Aldridge anasema atafurahi "kututuliza".

Jumatano, 8 Desemba

Tulikwenda, kwenye shule ile ya basi. Mimi na sare yangu chini ya koti lililo wazi, na mkanda wa kijani, wauone. Barnabas na suti ya harusi, kola imemkaba. Narinder alitoka jikoni na aproni yake, akasimama nyuma ya kiti changu bila kuombwa. Mumbua katikati.

Aldridge ana mikono laini. Anaishi Sutton Coldfield, alitueleza hilo kabla ya mambo mengine, kuhusu treni kuchelewa. Karani akaleta chai. Mimi sikuigusa. Barnabas alikunywa. Alikunywa kikombe kizima, akasema asante, akamiminiwa cha pili, akakinywa nacho, na mimi nikimkanyaga mguu chini ya meza. Niliapa moyoni kwamba tukifika nyumbani huyu mtu atalala kwenye kochi mpaka Pasaka.

Nilieleza habari ya kuhesabu watu. Aldridge alisikiliza akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejisikiliza mwenyewe. Akasema anaheshimu sana mila, lakini mtoto aliyetawaliwa na ushirikina ndiye hasa anayehitaji shule ile. Akasema katika miaka yake yote hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kulalamika. Aliposema hivyo akagonga meza mara mbili kwa kidole.

"Kwa nini umegonga meza?" nikamuuliza.

"Samahani?"

"Umesema hakuna aliyelalamika, halafu ukagonga ubao. Kwa nini?"

Uso ukaanza kumwiva kuanzia shingoni. Akasema ni mazoea tu, watu hugonga ubao ili bahati isiharibike.

"Na ripoti ya ushirikina wako nani aliiandika?"

Mwalimu mkuu wa shule hiyo ya basi, mama mkimya aliyekuwa amekaa pembeni muda wote, akakohoa kwenye leso, na nadhani alikuwa anacheka.

Aldridge akatoa picha yake. Nilikuwa nimeshazungumza na Mumbua, wiki nzima: hawa ni wa karatasi, hawana mama, hawawezi kupungua. Akaitazama. Akahesabu wote kumi na mmoja, akaongeza kwa Kiingereza chake cha puani kwamba kuna mmoja nyuma ya mti, mguu tu ndio unaonekana, kwa hiyo kumi na wawili. Aldridge akaisogeza picha karibu na miwani. Sidhani kama aliwahi kuuona mguu ule.

"Na nyumbani?" akauliza. "Mko wangapi nyumbani?"

Nilitaka kumzuia. Mumbua akanitazama, akamtazama baba yake, akamgeukia Narinder.

"All of us," akasema.

Aldridge alishika kalamu bila kuandika. Akasema yote haya yanavutia sana, atayatafakari, lakini tukumbuke kwamba baba alikwisha kukubali kwa maandishi.

Hapo Barnabas akaweka kikombe chini. Alikiweka kwa uangalifu kwenye kisahani chake, akajifuta mdomo, akasimama.

"Mheshimiwa," akasema kwa Kiingereza chake kizito, "Agosti ulikuja nyumbani kwangu. Nilikupa chai, ukanywa vikombe viwili. Ukaniomba saini nikakupa, kwa sababu ulikuwa mgeni wangu. Leo mimi ni mgeni wako. Nimekunywa chai yako vikombe viwili. Sasa naomba saini yako."

Akakaa.

Aldridge alimtazama mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akamwambia kwamba kwa maoni yake mtoto huyu hajawahi kuwa na sababu ya kuletwa kwake, na kwamba hakuulizwa. Mwishowe Aldridge akavuta karatasi akaandika: shule ya kawaida, kuanzia Januari, kwa majaribio ya muhula mmoja. Akasaini.

Ndani ya basi la kurudia nilikaa karibu na Barnabas, begani kwake. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikuwa nimemuuliza.

Ijumaa, 17 Desemba

Shule zimefungwa. Mumbua ameleta nyumbani shanga zake zote kwenye mfuko wa karatasi. Narinder amekuja na halwa. Kikombe chenye maua sasa kinajulikana ni chake.

Jumatatu, 10 Januari 1972

Leo Mumbua amerudi shule ya nyuma ya nyumba. Tulikuwa tumefunga mlango tu, tukiwa tumeshikana mikono kwenye baridi, basi la kijani likaja likasimama mbele yetu. Hakuna aliyemwambia dereva. Mlango ukafunguka, joto la ndani likatupiga usoni.

Nilimwambia dereva kwamba Mumbua hapandi tena. Akasema heri yake. Watoto walikuwa wamejaa madirishani, wengine wakimpungia Mumbua, wakimwita kwa jina. Nikawatazama, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba niliwaona hasa. Nikanyoosha kidole. Mmoja. Wawili. Mtoto wa yule mama aliyeninong'oneza mlangoni mwa kanisa, watatu. Msichana wa Kisikh mwenye mikia miwili, wanne.

Mumbua akanivuta mkono chini kwa nguvu. "Don't, Mom," akasema. "Don't count them."

Nikamwambia kwa Kikamba, anisikie vizuri, kwamba hawa wameshapunguzwa tayari, na wasipohesabiwa hakuna atakayejua. Nikaunyoosha mkono tena. Basi lilikuwa na watoto kumi na sita, na kumi na watatu ni wetu, watoto wa sisi tuliotoka ng'ambo. Nimeandika hapa majina yao yote kama Mumbua anavyowaita, na jioni hii tunakwenda na Narinder nyumba kwa nyumba kuyatafuta ya wazazi wao.